Kochi la Mjini Huishia Kijijini

Hapa Uingereza ukimsifia mtu meza yake, mara nyingi atakujibu kwa fahari kwamba ameiokota kwenye duka la hisani, na bei atakutajia papo hapo. Kadiri ilivyo ndogo ndivyo anavyochangamka. Nyumbani ukimsifia mtu meza yake atakutajia fundi aliyeitengeneza, au ndugu aliyempa. Bei haisemi mpaka uiulize. Nimekaa Leeds muda mrefu kiasi cha kuzizoea tabia zote mbili, na nyumba yangu nimeipamba kwa vitu vilivyokwishatumika na watu wengine pamoja na vile vilivyosukwa, kufumwa na kuchongwa kwa mkono. Watu wa nyumbani wakiona picha huuliza kama maisha yamenibana. Jirani zangu wa hapa huuliza nimevipata wapi.

Kwa ambaye hajayaona, maduka haya ya hisani yako karibu kila mtaa wa biashara. Watu huleta bure vitu wasivyovihitaji tena. Wanaovipanga na kuvitia bei wengi wao ni watu wa kujitolea, hasa wastaafu, na faida inakwenda kwenye utafiti wa saratani, tiba ya moyo, nyumba za kuwatunza wagonjwa mahututi, hata kwenye hifadhi za paka na mbwa. Oxfam, iliyoanzishwa mjini Oxford mwaka 1942 ili kuwasaidia Wagiriki waliokuwa wakifa njaa wakati wa vita, ilifungua duka lake la Broad Street mwishoni mwa miaka hiyo ya 1940, na leo mashirika mengi yanafanya biashara ya aina hiyo.

Humo utakuta fremu za picha, vioo, taa za mezani, mapazia mazito yenye bitana, na sahani za maua zisizo na hesabu. Wenye jicho huwahi asubuhi kutafuta viti vya Ercol au makabati ya G Plan, fanicha za High Wycombe za katikati ya karne iliyopita, ambazo mbao zake bado ni imara. Makochi yana masharti. Sheria ya mwaka 1988 inataka kochi liwe na lebo inayoonyesha kwamba kitambaa na sponji yake havishiki moto kirahisi. Lebo ikikatwa, hata kochi liwe zuri kiasi gani, duka halilipokei. Nimemwona mzee akirudishwa mlangoni na kochi la ngozi ambalo Dar es Salaam lingegombaniwa.

Vitu hivi vinatoka wapi? Vingi vinatoka kwa wazee. Mtu anafariki, au anahamia nyumba ya kutunzia wazee, na watoto wake wanaoishi miji mingine wanaifungasha nyumba mwishoni mwa juma na kuyapeleka masanduku dukani. Ndani kuna seti ya chai ya harusi na vitambaa vilivyofumwa kwa kroshia, kazi ya jioni nyingi za baridi. Kitambaa cha namna hiyo kinauzwa pauni moja. Aliyekifuma hatajwi, na muuzaji naye hamjui.

Siku moja kwenye rafu ya mapambo, kati ya tembo wa kioo na chupa ya maua, nilikuta kinyago cha mpingo cha mtindo wa Ujamaa: watu wamebebana kuanzia chini hadi juu, kila mmoja amemshika mwenzake. Kazi ya Wamakonde, na kazi safi. Kilikuwa pauni nne, na kwenye kikaratasi wameandika sanamu ya mbao. Mpingo huchukua miaka mingi mno kukomaa. Zumari na klarineti za okestra za nchi hii hutengenezwa kwa mti huo huo, na bei yake hailinganishwi na hiyo pauni nne. Nadhani aliyekinunua zamani aliwahi kuishi au kutembea kwetu, akakipenda, akakisafirisha, akakiweka sebuleni kwake maisha yake yote. Alipoondoka duniani, habari yake ikakatika. Nilikigeuza chini kutafuta jina la mchongaji, sikuliona.

Hilo ndilo linaloniuma kuhusu maduka haya ninayoyapenda. Kitu kinaokolewa kisitupwe, na kwa hilo nawashukuru wanaojitolea pale kwa moyo wote. Ila watu wa kitu hicho wanabaki mlangoni.

Kwetu maduka ya namna hii hayapo, na sababu yake ni kwamba kazi hiyo inafanywa na ukoo. Kochi likichakaa Magomeni au Buruburu haliuzwi. Linafungwa kamba juu ya gari na kupelekwa kijijini kwa bibi, na huko linaanza maisha mapya chini ya bati la baraza. Kwa bibi yangu Muheza kuna kabati la vyombo lililotoka kwa mama mdogo alipohama Magomeni, na mpaka leo linaitwa kabati la Magomeni. Wajukuu waliozaliwa juzi wanajua kioo kimoja kilivunjwa na nani. Mtu akifariki, vyombo, mashuka na viti vyake hugawiwa baada ya arobaini, na kila anayepewa anajua amepewa kwa nini. Atakayekwenda kuviuza kwa mtu baki ataulizwa. Ndiyo maana kusema kwamba fulani ameuza mpaka makochi ni sawa na kusema nyumba hiyo imeingiliwa na shida.

Hapo ndipo mtumba unapopata nafasi yake. Karume na Manzese kwa Dar es Salaam, Gikomba kwa Nairobi, watu wanawahi alfajiri belo la mapazia na mashuka linapofunguliwa, wachague ya kwanza kabla hayajachambuliwa. Hakuna anayeona haya. Pazia lililotundikwa miaka mingi kwenye dirisha la mtu wa Leeds linaingia Tandika kama kitu kipya na kusifiwa na wageni, lakini pazia la jirani wa nyumba ya tatu, hata likiwa zuri kulishinda, hulinunui. La kwanza halina mwenyewe tunayemfahamu. La pili lina mwenyewe, na kila mtu mtaani analijua. Kwa hiyo tunapokataa kitu cha zamani, tunachokataa ni habari ya aliyekuwa nacho, na uchakavu wenyewe hautusumbui sana.

Kuna jambo jingine linalotutenganisha, nalo ni sebule. Sebule ya hapa ni ya mwenye nyumba. Mgeni hupiga simu kwanza, tena hapitipiti, kwa hiyo mtu anapamba chumba kimfurahishe mwenyewe na kumweleza yeye ni nani. Sebule yetu ni ya mgeni. Mgeni anaingia bila taarifa, wakati mwingine na wenzake, na chumba kinatakiwa kiwe tayari kumwambia kwamba amethaminiwa. Ndiyo maana glasi bora zinakaa kabatini zikimngoja yeye, na ndiyo maana mtu atakopa anunue seti mpya ya makochi kabla ya mahari ya binti kuletwa.

Jambo hili siwezi kulibeza, nimelelewa nalo na ninalipenda. Ninachobishia ni imani kwamba heshima ya mgeni inapatikana kwa kitu kipya cha kiwandani peke yake. Mama zetu walimheshimu mgeni kwa kazi ya mikono yao. Wale tuliokulia nyumba za miaka ya 1980 na 1990 tunavikumbuka vitambaa vya makochi: vyeupe, vya waridi, vya njano, vimefumwa kwa kroshia, vimefuliwa na kutiwa wanga, kimoja kwenye kila mkono wa kochi, kimoja mgongoni, kikubwa juu ya redio au televisheni. Vilifumwa kwenye foleni ya hospitali, gengeni, kwenye vikao vya harusi. Mgeni akiketi aliketi juu ya miezi ya kazi ya mtu, na alijua.

Ukirudi nyuma zaidi, nyumba za mawe za Lamu na Pate zilikuwa na zidaka ukutani, safu za vishubaka vya chokaa vilivyonakshiwa, na ndani yake zikapangwa sahani na bakuli za kaure kutoka China. Chini kulikuwa na mikeka iliyosukwa na wanawake wa huko huko. Watu wa pwani hawakuona mgongano. Cha ng'ambo kilipewa ukuta, cha nyumbani kikapewa sakafu, na chumba kikakamilika. Sebule yangu ya Leeds nimeipanga kwa kanuni hiyo. Ukutani kuna rafu ya sahani za Kiingereza za maduka ya hisani, hakuna mbili zinazofanana, na chini kuna mkeka wa ukindu. Kile kinyago cha pauni nne kiko dirishani.

Mkeka huo nataka niuzungumzie zaidi, kwa sababu ndio unaonitia hasira. Kwanza makuti machanga ya mkindu hukatwa, na mikindu haipo nyuma ya nyumba. Mara nyingi huwa mabondeni na kando ya mito. Makuti huanikwa, huchanwa kuwa chane nyembamba zinazolingana, na zile za kutiwa rangi huchemshwa sufuriani pamoja na rangi ya unga: zambarau, kijani, nyekundu. Kisha husukwa ukili, mkanda mrefu mwembamba unaokunjwa kama gurudumu kadiri unavyorefuka, na ukili ukitosha ndipo unaposhonwa ubavu kwa ubavu mpaka mkeka utokee. Msukaji husuka akipika, akilea, akiuza maandazi. Mkeka mmoja mkubwa unaweza kula wiki kadhaa.

Na tukifika sokoni tunamkatia bei. Mtu ambaye hakutamka neno aliponunua kochi la mahameli la kiwandani anasimama juani kubishania shilingi elfu mbili na mwanamke aliyesuka mkeka kwa wiki kadhaa. Halafu ananunua mkeka wa plastiki, kwa kuwa unafutika upesi, na unapopasuka anautupa. Usiache mbachao kwa msala upitao, walituambia wahenga, nasi tumeacha vyote viwili. Huku nilipo, vikapu vya Iringa vinavyosukwa kwa milulu vinauzwa kwenye maduka ya mapambo kwa mara nyingi zaidi ya bei ya Iringa, watu wanaweka ndani yake vyungu vya mimea na nguo za kufua, na wanajivunia. Sioni kwa nini kikapu kile kipate heshima baada tu ya kupanda ndege.

Kwa ukarabati tunawazidi, na hilo liandikwe. Kochi likilegea nyumbani, fundi anabadilisha kamba na sponji, anavalisha kitambaa kipya, na siku chache baadaye unakalia kitu kizima. Mbao za mninga zinavumilia kuvalishwa upya mara nyingi. Hapa gharama ya kuvalisha kochi upya mara nyingi inapita bei ya kochi jipya, ndiyo maana mengi yanaishia jalalani yakiwa na fremu nzima. Wanachojua vizuri wenzetu ni kupiga msasa na kupaka rangi makabati ya zamani. Wanajifunza hata kufuma kroshia kwenye madarasa ya kulipia, wasichana kwa wavulana, wakati binti zetu wanaona kufuma ni kazi ya bibi.

Kwa hiyo wewe uliyeko ughaibuni unayejenga au kupamba nyumba kwetu, kontena usilijaze makochi. Mapazia na sahani za hapa zinatosha. Vilivyobaki agiza kwa watu. Mkeka uagizwe mapema, miezi kadhaa kabla hujasafiri, kwa sababu msimu mbaya chane hazikauki vizuri na mkeka unaota ukungu. Tuma sehemu ya fedha mwanzoni ili msukaji anunue ukindu na rangi. Taja vipimo kwa futi. Sema kabisa kwamba unataka ukili mwembamba, kwa kuwa mpana unaisha haraka na mkeka unakuwa mzito na wa kukwaruza. Bei aitaje yeye.

Mimi nimeagiza mwingine kwa bi mmoja wa Pangani, utakwenda kwa bibi Muheza, kwenye chumba chenye lile kabati. Nimemwomba asuke jina lake pembeni. Alishangaa kidogo, akauliza kama sitaki liwe langu, kisha akasema herufi zitaongeza gharama, maana kusuka herufi kunataka kuhesabu chane moja moja na ukikosea unafumua. Tumekubaliana bei hiyo, na ukili umekwisha kuanza.