Wifi, Umeshaona Siku Zako?

Hapa kwetu Nduguti mzazi akishamaliza arobaini huulizwa swali hilo, na anayeuliza si mumewe. Wanauliza wanawake wenzake: kisimani, kwenye mashine ya kusaga, kliniki. Ukijibu "bado", wanacheka: basi huna wasiwasi, nyonyesha tu. Ukijibu "nimeona", utasikia mguno, na mtu atakuonya usije ukambemenda mtoto.

Mimi nina mtoto wa miezi minne, na sijaona. Ndugu msomaji, mambo haya sisi vijana tunayanong'ona tu, halafu tunashangaa mimba imeingia lini. Leo acha niyaandike.

Wazee hawakusema uongo. Mtoto anaponyonya, mishipa ya fahamu ya kwenye chuchu hupeleka habari ubongoni. Ubongo unaachia prolaktini, homoni ya kutengeneza maziwa, na wakati huohuo unatuliza homoni zinazopevusha mayai. Yai lisipopevuka hakuna hedhi, hakuna mimba. Yaani mtoto mwenyewe ndiye anayemfungia mdogo wake mlango.

Lakini mlango huo una kufuli tatu. Mwaka 1988 wataalamu walikutana Bellagio, Italia, wakazitaja. Mtoto awe hajafikisha miezi sita. Awe ananyonya maziwa ya mama tu, au karibu tu, mchana na usiku. Na mama awe hajaona siku zake tangu ajifungue. Zikitimia zote, katika wanawake 100 hawazidi wawili watakaoshika mimba. Ikilegea moja, usijidanganye.

Kwangu, ya kwanza ipo na ya tatu ipo. Kasheshe ni ya pili. Sheria ya kazi ya mwaka 2004 inampa mama siku 84 za likizo ya uzazi, na 100 akijifungua pacha. Akirudi kazini, aruhusiwe kunyonyesha hadi saa mbili kwa siku. Vizuri sana, lakini piga hesabu: siku 84 hazifiki hata miezi mitatu. Na duka ninalouza liko mbali na nyumbani. Hizo saa mbili zingeishia njiani. Natoka asubuhi, narudi jioni maziwa yameshalowanisha kanga. Mchana mama mkwe anampa mtoto uji mwepesi, maana analia na bibi ana huruma. Simlaumu. Ila titi lililokaa saa nane bila kunyonywa halipeleki habari kokote, na mayai hayajui kwamba mimi niko kazini.

"Wifi, mbona mama alituzaa saba, na kila mmoja amempita mwenzake miaka mitatu?" ananiambia wifi yangu. Ni kweli. Lakini mama alikwenda shambani na mtoto mgongoni. Akilia, jembe lilikaa chini, kanga ikafunguliwa. Usiku mtoto alilala ubavuni pake na titi mdomoni. Mimi naenda dukani mgongo mtupu. Dawa ni ileile, mimi nainywa nusu.

Kuna jambo jingine ambalo wifi hakubali hata umwambieje: mara nyingi yai hutangulia, damu hufuata wiki mbili hivi baadaye. Anayengoja aone damu ndipo ajikinge anaweza asiione kabisa. Atakachoona ni tumbo. Hapo mtoto ataachishwa ghafla, akidhoofu watasema kabemendwa, na lawama zote za mama.

Kwa hiyo Alhamisi nimeomba ruhusa niende kliniki. Vipo vinavyomfaa anayenyonyesha bila kumkausha maziwa: kipandikizi, kitanzi, kondomu. Mume wangu nimemwambia. Alikuna kichwa kwanza, kisha akasema tutakwenda wote.

Na wewe shoga, kama siku zako 84 bado hazijaisha, ulizia mapema. Usingoje damu ikuletee habari.