Cheti Chenye Tarehe ya Mwisho: Mwanafunzi wa TEHAMA kati ya Kenya na Marekani

Kijana wa Nairobi au Mombasa anayekwenda Marekani kusomea teknolojia ya habari na mawasiliano, yaani TEHAMA, huagwa na jamaa zake kana kwamba nyumbani hakuna maji na kisima kiko ng'ambo peke yake, ilhali katika fani hii, pengine kuliko nyingine yoyote, kisima kimekwisha kuchimbwa pande zote mbili. Mtihani wa CCNA, unaotungwa na kampuni ya Cisco kupima ujuzi wa kuunganisha na kuendesha mitandao ya kompyuta, ni uleule kwa anayeufanyia Houston na kwa anayeufanyia Nairobi: muda wake ni dakika 120, ada yake imekuwa dola 300 za Marekani kabla ya kodi, na cheti kinachopatikana hakitaji mji ambamo mtahiniwa alikaa mbele ya kompyuta. Kwa hiyo mzazi anayeuza kipande cha shamba au kuitisha harambee ili kulipia safari hiyo hana haja ya kuuliza kama elimu ya huko ni bora. Anachopaswa kuuliza ni kitu gani hasa kinachonunuliwa kwa fedha zake.

Ipo tofauti kati ya shahada na cheti cha taaluma ambayo watu wa nyumbani, waliozoea kuona karatasi zote zikitundikwa sebuleni katika fremu zinazofanana, hawaitambui kwa urahisi. Shahada hutolewa na chuo kikuu baada ya miaka kadhaa ya masomo na haina siku ya kuisha. Cheti cha taaluma hutolewa na kampuni au chama cha wanataaluma kwa aliyefaulu mtihani wa saa chache, huthibitisha kwamba mwenye nacho anaweza kazi fulani mahususi, na kwa kawaida kina tarehe ya mwisho. CCNA hudumu miaka mitatu, na vivyo hivyo Security+ ya CompTIA, inayopima ulinzi wa mifumo dhidi ya wadukuzi, huku vyeti vingi vya Microsoft vya siku hizi vikidumu mwaka mmoja tu kabla ya kuhuishwa kwa jaribio la mtandaoni lisilo na ada. Aliyejivunia MCSE, cheti cha Microsoft kilichoheshimiwa sana miaka ya 1990 na 2000, aliona mlango wake ukifungwa Januari 2021, kwa kuwa waajiri wengi walikuwa wameanza kuacha kununua seva zao wenyewe na kukodi nafasi katika wingu, yaani kompyuta za mbali zinazomilikiwa na kampuni nyingine na kufikiwa kwa intaneti.

Kama mtihani ni uleule, kinachotofautisha safari moja na nyingine ni viza, na hapo ndipo wengi hukosea hesabu kabla hata ya kupanda ndege. Marekani humpa mwanafunzi wa chuo kikuu viza ya F-1, na humpa mwanafunzi wa shule ya ufundi viza ya M-1. Majina yanakaribiana lakini maisha yanayotokana nayo hayakaribiani hata kidogo. Mwenye M-1 haruhusiwi kufanya kazi wakati anasoma, hawezi kubadili hadhi yake kuwa F-1 akiwa ndani ya nchi, na akimaliza hupewa mafunzo ya vitendo ya mwezi mmoja kwa kila miezi minne aliyosoma, bila kuzidi miezi sita. Mwenye F-1 aliyehitimu shahada ya kompyuta anaweza kupata miezi 12 ya kufanya kazi inayohusiana na masomo yake, utaratibu unaojulikana kwa kifupi chake, OPT. Kisha, kwa kuwa fani yake imo katika orodha ya sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati, anaweza kuongezewa miezi 24, mradi mwajiri wake amejiandikisha katika mfumo wa serikali wa kuhakiki wafanyakazi. Miaka mitatu hiyo ndiyo bidhaa. Shule ya ufundi inayotangaza kozi fupi ya usalama wa mitandao haisemi uongo inapoahidi kumwandaa mwanafunzi kwa mtihani. Inalolinyamazia ni kwamba mtihani huohuo ungefanyika Nairobi, na kwamba mlango wa miaka mitatu haufunguki kwa ufunguo wake.

Hata F-1 inabana kuliko inavyosimuliwa katika simu za Jumapili. Wakati wa muhula mwanafunzi huruhusiwa kufanya kazi saa 20 kwa wiki, tena ndani ya chuo tu, na malipo ya saa hizo hayatoshi ada, sembuse kodi ya chumba. Ndiyo maana kishawishi cha kubeba boksi, kama Watanzania wa ughaibuni wanavyoziita kazi zote za sulubu, ziwe za ghalani au za kuosha vyombo, humfikia mapema. Anayekiitikia nje ya chuo bila kibali anayahatarisha makaratasi yake, na kwa mwanafunzi wa TEHAMA kuna kinaya hapa, kwa sababu yeye anayejifunza kusimamia kanzidata, yaani ghala la kumbukumbu ndani ya kompyuta, ni rekodi katika kanzidata ya wengine: mfumo wa serikali uitwao SEVIS, ambao vyuo vimelazimika kuutumia tangu 2003, huandikiwa kila anapojisajili, anapohama nyumba na anapopunguza masomo. Akishahitimu na kuanza OPT, siku zake zisizo na kazi huhesabiwa, na katika miezi 12 ya mwanzo hazitakiwi kuzidi 90. Ni ndani ya siku hizo 90 ambapo cheti cha taaluma hupata thamani ya pekee, kwani meneja wa Dallas ambaye hajawahi kusikia jina la chuo alichosoma mwombaji, wala hawezi kulitamka jina la mwombaji mwenyewe, anaijua CCNA.

Baada ya miaka mitatu hubaki viza ya kazi iitwayo H-1B, yenye nafasi 85,000 kwa mwaka, 20,000 kati yake zikiwa za wenye shahada za juu za vyuo vya Marekani, na waombaji huzidi idadi hiyo kiasi cha kulazimu mchujo. Mnamo Septemba 2025 rais wa nchi hiyo alitangaza malipo ya dola 100,000 kwa maombi mapya ya wafanyakazi walio nje ya nchi, jambo linaloonyesha jinsi bidhaa iliyonunuliwa kwa shamba la familia inavyoweza kubadilishwa masharti na muuzaji mwenyewe.

Kuna ujuzi ambao ughaibuni haufundishi kwa sababu hauuhitaji. Mitaala mingi ya huko huchukulia kwamba umeme upo, intaneti ina kasi na mteja ana simu janja. M-Pesa, iliyozinduliwa na Safaricom Machi 2007, ilijengwa juu ya dhana iliyo kinyume, kwamba mteja ana mulika mwizi, ile simu ndogo yenye tochi, na kwamba menyu yote ya huduma iweze kukaa ndani ya laini yake. Mhitimu aliyebobea katika wingu anaporudi hulazimika kujifunza upya namna ya kuandika programu ambayo haitapoteza muamala mawimbi ya simu yakikatika katikati, na anayemfundisha mara nyingi ni mwenzake aliyebaki. Lugha nayo humtega: vitabu vya shule vya Kenya vilimfundisha kusema tarakilishi, Mtanzania aliyekaa naye bwenini anasema kompyuta, na akimweleza shangazi yake kwamba data za benki zimehifadhiwa kwenye wingu, shangazi huangalia kama mvua inakuja.

Ughaibuni wenyewe, kwa upande mwingine, umeanza kuhamia nyumbani. Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon kilianzisha tawi Kigali mwaka 2011 na hutoa humo shahada ya uzamili ya teknolojia ya habari, na mwaka 2023 taasisi ya teknolojia ya IIT Madras ya India ilifungua kampasi Zanzibar, ya kwanza ya taasisi za IIT nje ya India, inayofundisha sayansi ya data na akili mnemba. Hakuna ushahidi ulio wazi kuliko huu kuhusu kinachouzwa ng'ambo, kwa maana mhitimu aliyesomea Kigali tangu mwanzo hadi mwisho anabeba jina lilelile la Carnegie Mellon, lakini OPT hana.

Anayerudi na shahada ya kigeni hutakiwa kuipeleka itambuliwe na mamlaka za nchi, ilhali cheti cha Cisco huhakikiwa na mwajiri kwa kuingiza namba kwenye tovuti. Uraia hausumbui sana upande wa Kenya, kwa kuwa Katiba ya 2010 inaruhusu uraia wa nchi mbili, tofauti na sheria ya Tanzania kwa watu wazima. Wapo pia wanaorudi kwa mwili tu, wakaishi Mombasa huku wakihudumia mifumo ya kampuni za Minneapolis kwa intaneti, kazi ambayo ingekuwa ya kubahatisha kabla ya nyaya za baharini za TEAMS na SEACOM kufika pwani ya Kenya mwaka 2009. Katika majira ya baridi, ofisi ya Minneapolis inapofunguliwa saa 3 asubuhi, Mombasa ni saa 12 jioni. Ifikapo Machi saa za huko husogezwa mbele, kazi ikawa inaanza saa 11 jioni, mpaka Novemba zinaporudishwa nyuma, wakati saa ya Mombasa haikuguswa na mtu. Na Ramadhani ikiangukia majira ya baridi ya huko, futari ya nyumba hiyo huandaliwa huku kikao cha kwanza cha siku kikiendelea chumba cha pili.