Harufu ya Posti

Nilizaliwa Keringet, Kuresoi Kusini, kwenye boma lililozungushiwa ua wa posti za mutarakwa. Sisi Wakipsigis tunauita tarakwet. Vitabu vya shule huuita mwerezi. Baba alipasua posti mwenyewe kwa kabari na nyundo, na sisi watoto tukaokota vibanzi vya kuwashia moto. Vibanzi hivyo vilinukia kama penseli iliyochongwa sasa hivi, na si bure, maana zama za ukoloni mti huu ulikatwa kwa wingi kutengenezea penseli. Posti yake haiozi upesi na mchwa hawaitaki. Za kwanza za baba zimenizidi umri na bado zimesimama.

Nyuma ya boma aliishi kogo, mamake baba, na kogo alipika busaa. Unga aliuvundika, akaukaanga kwenye karai hadi ukawa na rangi ya kahawia, akauchanganya na maji na kimea cha wimbi. Baba ni mzee wa kanisa, hajawahi kuonja hata tone, lakini mamake hakumkataza. Siku za kupika alipitia lango la chini tu. Kogo alichovya kidole, akalamba, akatema uamuzi wake: "Bado tamu." Kwake utamu ulikuwa ila. Pombe tamu ni pombe ambayo haijafika, na mtu akiiuza kabla haijafika anajiharibia jina. Askari wa chifu nao walikuwa na uamuzi wao. Walikuja, wakamwaga, wakaondoka, na jioni kogo akaloweka wimbi nyingine.

Kazi yangu ya kwanza ilikuwa mjini Molo, 2005, katika baa yenye kaunta ya wavu wa chuma, kama benki. Ujuzi uliohitajika ulikuwa swali moja: "Moto au baridi?" Ukijibiwa, unapitisha chupa na kupokea pesa kwenye kidirisha. Ningebaki pale, lakini baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 Kuresoi na Molo ziliwaka moto. Sitayaandika hayo hapa. Niliondoka na mkoba mmoja, nikashukia Nakuru, na katikati ya 2008 nikapata kazi ya kuosha glasi katika hoteli moja ya pale mjini.

Mkuu wa baa alikuwa mzee wa Mombasa, Mwislamu asiyekunywa, aliyefanya kazi yote kwa pua. Gin aliitaja kwa sauti ya Kiswahili, jini, kisha akacheka peke yake: "Jini wa kwetu hutiwa kwenye chupa, huyu wenu hutolewa." Usiku mmoja wateja walipokwisha, alifungua chupa ya Gilbey's akaniwekea chini ya pua.

"Unasikia nini, binti?"

"Posti."

"Posti gani?"

"Posti ya ua, mzee. Ya mutarakwa."

Nilidhani nimejiaibisha. Yeye aliirudisha chupa rafuni, akanitazama vizuri, na kesho yake akanitoa kwenye sinki. Nilikuja kuelewa baadaye. Harufu ya gin hutoka kwenye vitunda vya mjunipa, vidogo, vya rangi ya buluu-nyeusi, na mutarakwa ni ndugu wa mti huo: jina lake la kisayansi ni Juniperus procera. Siku hizi kuna gin ya Nairobi iitwayo Procera, inayotumia vitunda vya mutarakwa wenyewe. Ninapoifungua mbele ya wageni nasema maneno ya kitaalamu, lakini moyoni niko langoni kwetu.

Kinywaji nilichojijengea jina kwacho ni cha balungi. Nakuru hukuyakuta mabalungi kwa urahisi. Wachuuzi wachache waliyaleta, na wanunuzi walikuwa hasa watu walioambiwa yanapunguza unene. Kinataka gin mililita 45, maji ya balungi 30, Campari 10 na likya ya maua ya elda 20. Elda ni kichaka cha Ulaya chenye maua madogo meupe yanayochumwa majuma machache tu kwa mwaka. Likya yenyewe hutoka Ufaransa, ile ya St-Germain iliingia sokoni 2007, na kwa bei yake bosi aliifungia kabatini pamoja na daftari la mishahara. Harufu yake iko kati ya peasi na maua ya mlimau asubuhi. Ukiizidisha, glasi inanukia sabuni.

Siri iko kwenye kukamua. Balungi lina uchungu wa namna mbili: ule wa maji, ambao ni safi na hukata ulimi mara moja, na ule wa ngozi nyeupe ya ndani, ambao hujivuta nyuma ya koo na kukaa. Ukililazimisha tunda, wa pili unaingia. Kwa hiyo unalikata kwa upana, unalibana kwa kiganja, unaliacha likiwa bado lina maji. Kisha chembe mbili za chumvi. Chumvi hutuliza uchungu kuliko sukari. Barafu, tikisa mpaka chuma kigande vidoleni, chuja. Mwisho kipande cha ganda, ukikunje juu ya glasi ili mafuta yaruke. Kwenye mwanga wa taa utayaona yakitua kama vumbi.

Hayo ya kukamua nililipia. Jumamosi moja, kabla ya harusi, nilikamua jagi zima saa nane mchana ili nisihangaike usiku. Maji ya balungi yakikaa, uchungu huendelea kukua yenyewe. Saa mbili usiku glasi zilianza kurudi, na mwisho wa mwezi thamani yake ilikatwa kwenye mshahara wangu, pamoja na glasi ambazo najua kabisa zilinywewa. Tangu hapo nakamua mbele ya mteja. Mteja mwenye umri namuuliza pia kama anatumia dawa, maana balungi huvuruga baadhi ya vidonge vya presha na vya mafuta ya damu. Wengine hukasirika. Na wakasirike.

Desemba iliyopita nilikwenda nyumbani na vifaa vyote, barafu nimeibeba kutoka Molo kwenye thamosi ya chai. Baba alikubali kunusa kifuniko cha chupa, basi. Alinusa, akageuka kutazama ua. "Mmeanza kunywa posti," akasema, akarudi kwa ng'ombe wake.

Kogo alichovya kidole kwanza. Akalamba, akanyamaza, akapiga funda moja, kisha jingine.

"Imefika," akasema. "Unauza pesa ngapi?"

"Mia tisa, kogo."

"Debe?"

"Glasi."

Aliinua ile glasi hadi kwenye mwanga wa mlango, akaizungusha, akatafuta chini yake kilichobaki.

"Na askari hawaji?"