Alama Iliyogoma Kusogea

Mwaka 2012 nilipopata kazi Juba, intaneti ya ofisi yetu ya Thongpiny ilitoka kwenye dishi la setilaiti lililofungwa juu ya paa. Jenereta ikizimwa, nayo imekwenda. Wenzetu wa Nairobi walisukuma mabadiliko ya msimbo mchana kutwa; sisi tuliyachota alfajiri, wahasibu hawajaingia, kisha tukashinda tukiyasoma bila mtandao.

Git, programu ya kutunza historia ya msimbo, ilitufaa kwa hilo. Amri ya git fetch haigusi kazi uliyoikalia: huleta mabadiliko, husogeza alama kama origin/master, basi. Nayo alama hiyo haisemi Nairobi wamefika wapi sasa. Inasema walikuwa wapi ulipowauliza mara ya mwisho.

Kuleta kila kitu hatukumudu. Matawi mengine yalijaa picha za ramani, na setilaiti ni ghali. Tukawa tunataja tawi moja: git fetch origin master. Asubuhi moja kijana wa pale, aliyekulia Kampala, akaniita: "Ustaz, mzigo umefika, mbona origin/master haijatikisika?"

Kweli. Ubuntu 12.04 zetu zilikuwa na Git 1.7.9.5, na zama hizo ukitaja tawi kwa jina, kilicholetwa kiliandikwa kwenye faili la FETCH_HEAD peke yake. Haikuwa hitilafu, waundaji walitaka alama zisisogee kiholela. Hoja safi, ila kwa anayelipia kila megabaiti ni kero: habari umeshazinunua, ziko ndani ya mashine, nayo inakuambia hakuna jipya.

Dawa tuliiweka kwenye .git/config. Penye nyota inayozoa matawi yote tukaandika +refs/heads/master:refs/remotes/origin/master. Kushoto kwa nukta mbili ni tawi lao, kulia ni kumbukumbu yetu. Alama ya kujumlisha huiruhusu kumbukumbu iwafuate hata wakiandika historia upya. Kuanzia hapo git fetch tupu ilitosha.

Agosti 2013 likatoka toleo 1.8.4: ukitaja tawi, alama yake nayo husogea. Desemba mapigano yakazuka Juba, na toleo hilo tulilisakinisha tukiwa Nairobi.

Faiba iliingia Juba mwaka 2020 ikitokea Uganda. Vijana sasa wanapiga git pull bila kutazama kinachoingia. Ninawasumbua: fetch kwanza, usome git log HEAD..origin/master, ndipo uunganishe. "Mzee, intaneti ipo," wananijibu. Ipo, ndiyo. Na aliyevunja msimbo usiku bado ni mtu wa Nairobi.