Semista ya mafaili

Najua nimepotea kitambo, na wengine mlishaanza kuwauliza washikaji zangu kama nimedisko. Sijadisko. Nilikuwa fildi, halafu nilikuwa darasani, halafu nilikuwa nasinzia kwenye daladala, yaani vyote hivyo ndani ya wiki moja kila wiki. Leo umeme upo, rumeti kaenda kwao, nikasema ngoja niandike kabla sijasahau.

Kwa wasiojua, sisi wa elimu kawaida yetu ni TP. Unapangiwa shule, unabeba andalio lako la somo, unakwenda kusimama mbele ya watoto wanaokucheka viatu. Mimi mwaka huu nilichukua kozi ya sera ya elimu, na yenyewe ina sharti lake: semista nzima, siku tatu za wiki unakaa ofisi ya umma, siku mbili zinazobaki unarudi darasani kusoma kile ulichokiona. Nikapangiwa ofisi ya elimu sekondari kwenye halmashauri moja ya mkoa huu huu wa Dodoma. Jina silitaji. Walinipokea vizuri, na kuna mambo hapa chini si ya kumtangazia mtu.

Niwaambie ukweli, nilikwenda na mbwembwe. Nilishajiona nipo kwenye vikao, nina kitambulisho shingoni, natoa mawazo kuhusu mustakabali wa taifa. Wiki ya kwanza nilitoa kopi. Wiki ya pili nilitoa kopi na kuchemsha chai. Bumu lote linaishia kwenye nauli, na mwenzenu kazi yangu ni kubonyeza kitufe cha kijani na kuvuta karatasi iliyokwama.

Aliyeniokoa ni mama mmoja wa masijala. Huyu mama yuko pale tangu mimi sijazaliwa, na anajua jalada lolote liko wapi bila kuinuka kwenye kiti. Ndiye aliyenifundisha sera kuliko desa lolote. Barua inaingia, inapigwa muhuri wa kupokelewa, inapewa namba yake ya folio, inafungwa kwenye jalada, jalada linakwenda kwa bosi, bosi anaandika dokezo, "Afisa Taaluma, shughulikia", jalada linashuka, linapanda tena na jibu, linashuka tena. Nikamuuliza, mama, hivi barua huwa hazipotei humu? Akacheka. "Mwanangu, hapa barua haipotei. Inachelewa tu."

Huku darasani nako mwalimu wetu alikuwa anatupeleka kwa mwendo wake. Tulianza na mzunguko wa sera, ule mnaouona kwenye kila desa: tatizo linaonekana, sera inatungwa, inapitishwa, inatekelezwa, inatathminiwa, mnaanza upya. Mduara mzuri kabisa, una mishale. Halafu akatuletea vitabu vya wale waliouharibu mduara. Kuna Wamarekani wawili, Pressman na Wildavsky, mwaka 1973 waliandika kitabu kizima kuhusu jinsi mradi wa ajira uliopangwa Washington ulivyokwama ulipofika Oakland, California. Si kwamba kuna mtu aliukataa. Kila mtu aliukubali, ila kila mmoja alikuwa na hatua yake ya kupitisha, na hatua zilikuwa nyingi mno. Halafu kuna Michael Lipsky, 1980, yeye anasema watunga sera halisi ni wale wa mwisho kabisa: mwalimu, polisi, karani wa dirishani, yule unayekutana naye uso kwa uso. Anachoamua yeye siku hiyo, akiwa na foleni mbele yake na hofu ya bosi nyuma yake, kwako wewe ndiyo sera ya serikali.

Nilivyosoma nikasema sawa, nimeelewa, itatoka kwenye mtihani. Sikujua inakuja ofisini Jumanne.

Jumanne yenyewe bosi alikuwa Mtumba kwenye kikao. Akaingia mama mmoja na binti yake. Nikaamkia, akaitika, nikawapa viti. Binti kajitanda khanga, lakini ndani kavaa sweta la shule, nikaliona kwenye kola. Mama akaeleza taratibu kama mtu aliyeshaeleza mara nyingi. Mtoto wake alikuwa kidato cha pili, akapata mimba, akaacha. Sasa kajifungua, mtoto wanamwachia bibi, binti anataka kurudi darasani. Wamekwenda shuleni, mkuu wa shule kawaambia hana barua inayomruhusu kumpokea, waende halmashauri wakaombe barua.

Afisa aliyekuwepo, mzee mstaarabu tu, akawaambia hakuna shida mama, ila barua lazima asaini bosi, mrudi Alhamisi. Mama akasema sawa baba. Akaanza kukunja mfuko wake. Nikamuuliza wanatokea wapi, akanitajia. Gari ni moja kwa siku.

Hapo ndipo nilipofungua mdomo, na mnajua mimi nikifungua mdomo. Nikasema, samahani mzee, si kuna Waraka wa Elimu Namba 2 wa mwaka 2021?

Niwarudishe nyuma kidogo hapa, maana kuna watu watasema sheria ni sheria. Kabla ya 2021 msichana akipata mimba anafukuzwa, kila mtu analijua hilo. Lakini ukizisoma kanuni zenyewe za mwaka 2002 za kufukuza wanafunzi, zilizotungwa chini ya Sheria ya Elimu ya 1978, neno mimba halimo. Kuna kosa dhidi ya maadili, na kuna kufunga ndoa. Mimba iliingizwa na wasomaji. Juni 2017 Rais Magufuli akatamka hadharani kwamba waliozaa hawatarudi kwenye shule za serikali, mlango ukafungwa kabisa. Halafu tarehe 24 Novemba 2021 Waziri wa Elimu wa wakati ule, Profesa Joyce Ndalichako, akatangaza kwamba wanafunzi waliokatiza masomo kwa sababu mbalimbali, pamoja na waliojifungua, wanaweza kurejea kwenye shule za kawaida. Waraka ndio huo.

Yule mzee hakukasirika. Akasema, "Upo, lakini uko wapi?" Mama wa masijala, bila kugeuka, akasema jalada fulani, kabati la pili, chini. Nikaenda. Upo. Una muhuri wa kupokelewa, una folio, na kwenye ukurasa wa madokezo kuna mwandiko wa mtu ambaye keshahama: waarifiwe wakuu wote wa shule. Na waliarifiwa! Rejesta ya barua zinazotoka inaonyesha ulikwenda kila shule, na ile ya binti ikiwemo.

Nilishaandaa hasira zangu kwa mkuu wa shule. Mzee akampigia, akaweka sauti kubwa tusikie wote. Kumbe yule mkuu ana mwaka mmoja tu pale. Aliyemtangulia alimkabidhi madawati, vitabu, funguo za maabara na deni la umeme. Waraka haukuwemo kwenye makabidhiano. "Mimi sina tatizo na mtoto, mzee wangu," akasema, "nataka karatasi tu ya kunilinda." Nikamwangalia binti. Alikuwa anaangalia simu ile mezani kama vile ndiyo iliyokuwa inamkatalia.

Tukatoa kopi. Ile kopi nilibonyeza kwa heshima zote. Mzee akaigonga muhuri, mama akaikunja mara nne akaiweka kwenye pochi ndogo ya shingoni, wakakimbilia gari. Wiki iliyofuata tukapata habari kwamba kaanza.

Ingeishia hapo ningewaletea hadithi nzuri na picha ya chai. Sasa mwisho wa robo mwaka ukafika, nikapewa kazi ya maana kwa mara ya kwanza: kuingiza kwenye Excel takwimu za wanafunzi zilizoletwa na maafisa elimu kata. Fomu ya ofisi yetu ina safu zake. Walioandikishwa. Waliohamia. Waliohama. Walioacha, na hapo inagawanyika: utoro, mimba, ugonjwa, kifo, mengineyo. Jumla.

Nikafika kwenye shule ya yule binti, vidole vikasimama. Nikamuuliza mzee, waliorudi tunawaandika wapi? Akavaa miwani, akaja akaangalia, akarudi kukaa. Akafikiri kweli, siyo kwamba alipuuzia. Mwisho akasema, "Weka kwenye waliohamia."

Nikasema, lakini hajahamia. Ni shule ile ile.

"Sasa ukimwacha, jumla haitabalansi."

Nikaandika 1 kwenye waliohamia. Jumla ikabalansi. Ukilichukua jedwali lile leo utaona kwamba kuna msichana mmoja aliacha kwa mimba, na baadaye kuna mwanafunzi mwingine kabisa alihamia kutoka kusikojulikana. Yule aliyekwenda na kurudi hayumo. Na aliyemtoa ni mimi, kwa kidole changu hiki, mimi niliyekuwa najidai Jumanne ile.

Nikapiga simu kata mbili kuuliza kama wanao waliorudi. Wote wawili walinijibu kwa upole, subiri nimuulize mkuu wa shule. Mpaka naondoka nilikuwa nasubiri. Nikaandika kwenye ripoti yangu ya fildi kwamba fomu iongezwe safu moja. Bosi akasoma, akaandika pembeni: Wazo zuri, tujadili. Jalada likashuka masijala, na mama yangu wa masijala akanikonyeza.

Sasa kuna jambo sikumwambia mtu pale ofisini, nawaambia nyie.

Kidato cha tatu nilikuwa nakaa dawati moja na msichana ambaye jina lake nalihifadhi. Alikuwa ananifundisha Kemia, mimi namwandikia insha za Kiswahili. Mwaka 2020 shule zilifungwa Machi kwa ajili ya korona, tukaachana kama watu watakaoonana baada ya wiki tatu. Tuliporudi mwisho wa Juni tulipangwa mstari, wasichana tu, tukapimwa. Mchana dawati likawa la kwangu peke yangu. Hakuna aliyesema kitu darasani. Mwalimu wa zamu aliita majina akalivuka lake, kama anaruka dimbwi.

Novemba 2021 tulikuwa kwenye mtihani wa kidato cha nne. Jioni moja redioni nikasikia ile habari ya waliojifungua kuruhusiwa kurudi. Niliisikia mwenyewe, kwa masikio yangu, na nikamkumbuka hapo hapo. Nikasema nikimaliza mitihani nitamtafuta. Nikamaliza. Yakaja matokeo, ikaja kidato cha tano, ikaja chuo, yakaja madesa ya Lipsky.

Kwa hiyo mimi nikiwa naandika ripoti kuhusu waraka uliofika shuleni usimfikie mwanafunzi, nilikuwa najua hatua moja ya ile safari ambayo haimo kwenye jalada lolote. Barua ya kwake ilikuwa imenifikia mimi.

Jumapili iliyopita nikaitafuta namba kwa dada yake, nikapiga. Tulipiga kelele kwanza, si mnajua. Ana kibanda cha chakula stendi ya kwetu, na mtoto wake yuko awali. Nikazunguka zunguka, mwisho nikamwambia. Kwamba tangu 2021 alikuwa anaweza kurudi, na kwamba mimi nilisikia.

Akanyamaza. Nikasikia sufuria, mtu anaagiza wali maharage, yeye akahudumia, akarudi kwenye simu.

"Kwa hiyo ungenipigia ningerudi mwaka gani?"

Nikamwambia, pengine 2022.

"Tungekuwa sote chuo," akasema. Siyo kwa ubaya, alikuwa anapiga hesabu. Alikuwa mzuri wa hesabu kuliko mimi. Halafu akaniuliza sasa hivi je, kwa umri huu. Nikamweleza habari za vituo vya Elimu ya Watu Wazima na habari za mtahiniwa wa kujitegemea, na kwamba kwanza tuanze na karatasi yake ya upimaji wa kidato cha pili, ule wa 2019, tupate namba. Akasema inaweza kuwa kwenye sanduku la vyombo la mama yake, au panya walishaimaliza. Ataangalia akitoka kazini.

Leo Alhamisi, bado hajaniambia. Nimempigia jana, haikupokelewa, ila saa ile stendi inakuwa imefurika. Nitapiga tena usiku.

Kwa leo naishia hapo, kesho nina testi ya Takwimu na desa sijaligusa. Mwenye muhtasari wa wiki ya sita aniletee chumbani, chai ipo, nimeshakuwa mtaalamu.