Udalali wa Nyumba

Mgeni aingiapo katika mji asioujua huhitaji mambo matatu: maji ya kunywa, mtu wa kumwuliza njia, na mahali pa kulaza ubavu. La kwanza hupewa na mwenyeji yeyote mwenye mtungi. La pili hupewa kwa salamu njema. La tatu hana budi kulilipia. Kulipia nyumba si jambo la ajabu wala la aibu, maana aliyejenga alitoka jasho. Lakini katika miji inayokua haraka amezuka mtu wa kati ambaye amekuwa ndiye mlango wenyewe. Nyumba haionekani ila kwake, mwenye nyumba haonekani ila kwake, na bei haijulikani ila ile aitamkayo yeye. Mtu huyo ni dalali wa nyumba, na mwenendo wake wastahili kutazamwa bila chuki wala upendeleo.

Mpemba ni mahali pafaapo kumtazamia. Ni kata ya Halmashauri ya Mji wa Tunduma, wilaya ya Momba, katika mkoa wa Songwe uliozaliwa mwaka 2016 kwa kugawanywa mkoa wa Mbeya. Kata hiyo iko kando ya barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Zambia, na hapo ndipo inapochepuka njia ya kwenda Isongole, wilayani Ileje, kwenye mpaka wa Malawi. Tunduma yenyewe imebanwa na mpaka. Upande mmoja haiwezi kusogea hata hatua moja, kwa kuwa hatua hiyo huangukia Nakonde, na Nakonde ni nchi nyingine. Basi mji unapotaka kunyoosha miguu hurudi nyuma kwa kufuata barabara, na miguu hiyo hufika Mpemba. Palipokuwa na mahindi pameota kuta za matofali. Watumishi wa serikali, wafanyabiashara, madereva na mawakala wa forodha hutafuta vyumba huko, na wengi wao hawana jamaa wa kuwaambia nyumba ipi ina maji na ipi haina.

Tena mpaka una tabia yake. Watu wengi wa Tunduma hula kwa kusimama kati ya watu wawili. Wakala wa forodha husimama kati ya mwenye mzigo na serikali. Mbadilisha fedha husimama kati ya shilingi na kwacha. Mchukuzi husimama kati ya lori na ghala. Mwaka 2019 kilifunguliwa kituo cha pamoja cha forodha cha Tunduma na Nakonde, ili gari lisimame upande mmoja wa mpaka badala ya pande mbili. Serikali mbili ziliona kuwa kila kisimamo kisicho cha lazima ni hasara, zikakipunguza. Shehena ya shaba imetengenezewa njia. Mtu atafutaye chumba bado husimamishwa kila pembe.

Neno dalali limetoka katika Kiarabu, na asili yake ni kuonyesha njia. Ni ndugu wa neno dalili. Kwa haki ya jina lake, dalali ni mtu anayemwonyesha mwenziwe kitu asichokiona. Katika miji ya pwani dalali alijulikana kuwa mtu wa mnada: alisimama mbele ya watu, akainua sauti, na kila mnunuzi akasikia bei ya mwenziwe. Kazi yake ilikuwa ya hadhara. Hata hivyo hatari ya mtu wa kati ilijulikana mapema. Katika mapokeo ya Kiislamu yaliyohifadhiwa na Bukhari, mwenyeji wa mji amekatazwa kumwuzia mali mtu wa nyika, na Ibn Abbas alipoulizwa maana ya katazo hilo alieleza kwamba mwenyeji asiwe simsari wake. Biashara haikuharamishwa. Kilichoogopwa ni mjuzi kujitia kati ya mgeni na soko, bei ikawa siri yake.

Liko neno jingine la kukumbukwa hapa, nalo ni kilemba. Zamani mwanafunzi alipohitimu kazi kwa fundi wake alimpa kilemba, yaani heshima ya shukrani baada ya kazi kwisha. Baadaye neno hilo likahamia katika majumba, likawa jina la fedha anazotoa mpangaji ili apewe nyumba, mbali na kodi yenyewe. Heshima iliyokuja baada ya kazi imegeuka sharti linalotangulia kazi. Badiliko hilo la neno moja laeleza mengi juu ya udalali wa leo.

Na uchukuliwe mfano wa mwalimu mmoja wa shule ya msingi, mwanamke, aliyehamishwa kutoka Lindi akafika Mpemba mwezi wa Januari pamoja na watoto wawili na mama yake mzee. Alishukia nyumba ya wageni, na kila usiku alioulala humo ulipunguza fedha za uhamisho. Akaelekezwa kwa dalali, kijana mwepesi wa maneno, ambaye alitaka kwanza shilingi 10,000 za kuonyeshea nyumba. Mwalimu alitoa. Nyumba ya kwanza ilikuwa nzuri katika picha ya simu. Walipofika mlangoni, dalali alisema kuwa imepata mtu jana usiku. Nyumba ya pili haikuwa na maji, na kisima kilikuwa mbali na nguvu za mama mzee. Nyumba ya tatu ilikuwa na vyumba viwili, sebule na ua mdogo.

Mwalimu aliuliza maswali ya mtu mwenye akili. Je, bati zinavuja?

"Hakuna shida, mwalimu."

Je, umeme ni wa peke yake au ni wa kushirikiana?

"Hakuna shida."

Je, aweza kuonana na mwenye nyumba?

"Mwenye nyumba yuko Mbeya, mama. Hapa mimi ndiye kila kitu. Na yuko mtu mwingine anakuja saa kumi na fedha mkononi."

Huyo mtu wa saa kumi ni maarufu katika udalali. Hakuna aliyepata kumwona, lakini ameharakisha mikataba mingi. Mwalimu alifikiri juu ya usiku mwingine katika nyumba ya wageni, akalipa. Kodi ilikuwa shilingi 80,000 kwa mwezi, nayo ilitakiwa ya miezi sita mara moja, yaani 480,000. Udalali ulikuwa kodi ya mwezi mmoja, yaani 80,000 nyingine. Pamoja na zile za kuonyeshwa, alitoa shilingi 570,000 kabla ya kutua sufuria jikoni. Alipewa karatasi ya daftari yenye sahihi ya dalali, wala jina la mwenye nyumba halikuwamo.

Mvua zilipozidi, bati zilivuja juu ya kitanda cha mama mzee. Usiku beseni liliwekwa mtoni, na bibi akalala upande mmoja kama abiria aliyenunua nusu ya kiti. Akapata kikohozi. Umeme nao ulikuwa wa mita moja kwa nyumba tatu, na kila mmoja aliamini kuwa mwenziwe ndiye alaye sana. Mwalimu alipompigia simu dalali, alijibiwa kwa adabu kuwa kazi yake ilikuwa kumpatia nyumba, naye amempatia; mambo ya bati ni ya mwenye nyumba. Alipoomba namba ya simu ya mwenye nyumba aliahidiwa kuletewa kesho, na kesho hiyo ikachukua majuma matatu. Mwisho simu haikupokewa tena.

Aliyemtoa katika shida hiyo ni mjumbe wa mtaa. Mwenye nyumba hakuwa Mbeya. Alikuwa mama mjane, akaaye mwendo wa dakika kumi kutoka hapo, na alishangaa kusikia habari za beseni.

"Mwanangu," alisema, "mimi niliambiwa mpangaji ni mtu wa kazi nyingi, hataki kusumbuliwa."

Walipofanya hesabu iligundulika kuwa yeye alipokea shilingi 70,000 kwa kila mwezi. Elfu kumi za kila mwezi, jumla 60,000, zilibaki njiani. Madalali huziita cha juu. Hivyo mpangaji alitoa zaidi, mwenye nyumba akapata pungufu, na kila mmoja alidhani mwenziwe ni mtu mgumu. Mjane alinunua bati mbili juma lile lile. Maneno yao yaliandikwa upya mbele ya mjumbe, kodi ikatajwa kuwa 70,000, na umeme ukagawanywa kwa hesabu iliyoandikwa ukutani.

Yamkini mtu atauliza sheria ilikuwa wapi. Sheria ya Mikataba ya Tanzania inamweleza wakala kuwa ni mtu aliyeajiriwa kumfanyia mwingine jambo au kumwakilisha mbele ya watu wengine, nayo inamdai uaminifu na hesabu kwa yule amtumikiaye. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 yamtaka mpangishaji amwachie mpangaji akae kwa utulivu. Mabaraza ya Ardhi na Nyumba ya wilaya yamewekwa kwa ajili ya magomvi. Iliwahi kuwako pia sheria ya mwaka 1984 ya kuzuia kodi kupanda ovyo, nayo ilifutwa mwaka 2005. Tangu hapo kodi huamuliwa na mapatano. Huko Kenya ilitungwa sheria ya mawakala wa majumba mwaka 1984, pamoja na bodi ya kuwaandikisha. Vitu hivi vyote vina faida. Lakini sheria ya wakala huanza na swali moja ambalo udalali wa nyumba umelikwepa: dalali ni mtumishi wa nani? Mpangaji ndiye amlipaye, basi ingefaa amtumikie mpangaji. Lakini mpangaji atahitaji nyumba mara moja katika miaka mingi, na mwenye nyumba atakuwa na chumba kitupu tena mwakani. Kwa hiyo dalali hupokea mshahara kwa huyu na kuweka utii kwa yule. Na pakiwa na cha juu, hata yule hatumikiwi. Hapo ndipo uovu wote ulipo. Wingi wa fedha si kitu kikubwa kama kukosekana kwa bwana.

Hata hivyo si haki kumhukumu dalali bila kumsikiliza. Aghalabu ni kijana asiye na mshahara. Hutembea juani, huulizia vyumba, hukumbuka nani anahama na nani anajenga. Bidhaa yake ni habari, na habari ina udhaifu ambao mchele hauna: ukiisha kuionyesha huwezi kuirudisha ghalani. Wako wapangaji walioonyeshwa nyumba mchana, wakarudi jioni peke yao kwa mwenye nyumba, wakapatana, na dalali akabaki na vumbi la viatu. Wako wenye nyumba walioahidi malipo wakayakana. Kwa hofu hiyo dalali hutaka fedha kwanza, na humficha mwenye nyumba kama mtu afichaye ufunguo. Kwa hiyo udanganyifu wa mpangaji umezaa usiri wa dalali, na usiri wa dalali umezaa cha juu. Asiyekubali kumlipa mwonyeshaji wa kweli husaidia kumlea mfichaji.

Dawa yake basi haiwezi kuwa kumfukuza dalali, kwa maana wageni hawataacha kuja Mpemba. Dawa ni kumrudisha katika maana ya jina lake. Watu watatu na waketi mahali pamoja: mwenye nyumba, mpangaji na dalali, na mjumbe akiwapo ni bora. Kodi na itajwe kwa sauti mbele yao wote, kama bei ya mnada. Nyumba na itazamwe mchana, na bati zitazamwe kwa ndani. Ujira wa dalali na utajwe hapo hapo, ulipwe baada ya funguo kukabidhiwa, usipunjwe hata senti moja. Mpangaji na apewe karatasi yenye jina la mpangishaji na kiasi kilichopokewa. Dalali atakayekataa kikao cha namna hiyo amekwisha jieleza.

Haya si mambo magumu. Mwaka uliofuata alihamia Mpemba tabibu kijana, naye akamwuliza mwalimu habari za chumba. Mwalimu alijua kimoja kwa jirani wa mjane. Wenzake walimshauri asikitaje mpaka apewe chai. Yeye alimchukua tabibu hadi mlangoni, akawakutanisha wenye haja, akanyamaza wakapatana wenyewe. Walipomaliza, mwenye nyumba alimpa shilingi 5,000 mbele ya mpangaji, naye akazipokea kwa shukrani. Kwa asili ya neno, siku ile mwalimu alikuwa dalali, na malipo yake yalikuwa kilemba.

Kila mwenyeji anayejua penye chumba kitupu ana mamlaka juu ya mgeni asiyejua. Mamlaka hayo ni madogo na ya muda mfupi, lakini mzee aweza kulala mkavu au kulala na beseni kwa sababu yake. Mji unaopokea wageni kila siku hauna budi kufikiri jinsi mamlaka hayo yanavyotumiwa, kwa kuwa mgeni wa leo ndiye jirani wa kesho, na jirani hukumbuka namna alivyopokewa.