Taa Nyekundu na Mguu wa Mama
Hapa Muhuru Bay, sisi mabinti tunaouguza mguu wa mama tumeshawishiwa tununue taa nyekundu. Si uzushi mtupu: Niels Finsen wa Denmark alipewa Tuzo ya Nobeli mwaka 1903 kwa kutibu kifua kikuu cha ngozi kwa mwanga, na watafiti wangali wanaupima mwanga mwekundu kwa vidonda vya kisukari. Lakini taa haishushi sukari wala haiondoi usaha. Kisukari huua hisia za nyayo. Mama anikaye omena huchomwa na mwiba wa samaki asijue. Basi, dada zetu, tuzikague nyayo zao kila watawadhapo, na kidonda kifikishwe hospitalini kingali kidogo. Mwenyezi Mungu awape shifaa, amin.